Kaya ya Zuhura

Jumatatu, tarehe tisa Februari, niliondoka kijijini kwetu Ziwani kwenda mjini Mtwara kumwandikisha Zuhura katika bima ya afya ya serikali. Zuhura ni mtoto wa marehemu mdogo wangu wa kike. Nimemlea tangu akinyonya, naye ana ugonjwa wa selimundu. Kliniki yake ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, na maumivu yalipomshika mara ya mwisho niliuza mbuzi wangu wote. Mimi ni mjane niliyesoma darasa la watu wazima, na sijazoea kuwa na mtu wa kunisemea ofisini.

Huko mjini, katika kata ya Chuno, kwenye foleni ya uandikishaji, wanaume wawili walikuwa wakibishana. "Hii ni kodi tu, wameibadilisha jina," alisema mmoja. Mwenzake, mwenye kofia ya chama, akamjibu, "Nawe ukilazwa utatibiwa kwa hotuba za upinzani?" Nilikubaliana na wa kwanza, kisha na wa pili, kisha sikujua niko upande gani.

Mwandikishaji, binti mgeni mkoani kwetu, alitazama kompyuta yake. "Mama, mtoto huyu ameshaandikishwa. Yupo kwenye kaya ya Nanyamba."

"Hajawahi kulala Nanyamba hata usiku mmoja."

"Basi kamuulize mwenye kaya."

Jumatano nilifika Nanyamba kwa mdogo wangu Hashimu, nikamkuta akipalilia mikorosho.

"Ni mimi niliyemwandika, Dada. Mjomba wake ni nani kama si mimi?"

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye msimamizi wake. Hashimu alikuwa amemwandika mkewe pamoja na watoto wanne wa dada zake, nafasi sita za kaya zikajaa.

"Na binti yako Somoe?"

"Somoe ana mjomba wake."

Mkewe alikuwa akimenya muhogo. "Kaka yangu kaandika watoto wake wa kuwazaa," alisema bila kuinua uso. "Anasema siku hizi ndivyo inavyotakiwa."

Hashimu aliliweka jembe chini.

Ijumaa tulirudi Chuno pamoja. Mwandikishaji alitueleza kwamba akimtoa Zuhura kwa mjomba wake, atakaa bila bima mpaka maombi mapya yapite, na hakuweza kutuambia yatapita lini. Nilitamani sana aandikwe chini ya jina langu. Lakini Jumanne ilikuwa karibu. Nikamwambia amwache alipo, amwandike Somoe kwangu.

"Kwa hiyo anayelala kwako yuko kwake, na anayelala kwake yuko kwako?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na hamjagombana?"

"Bado, binti," alisema Hashimu.

Jumanne, hospitalini, muuguzi aliisoma kadi ya bima ya Zuhura. "Hashimu mwenyewe yuko wapi?"

"Shambani. Mimi ndiye ninayemlea."

Alinitazama, akamtazama Zuhura, kisha akatuelekeza kwa daktari. Jioni tulirudi Ziwani na dawa.

Sasa majirani wananiuliza kama bima hii ni njema. Nimewajibu kwamba Zuhura ametibiwa, na kwamba kati ya wale wawili wa kwenye foleni bado sijui mkweli ni nani. Ninaloweza kuwashauri ni hili: kabla hujaondoka nyumbani, keti na kaka zako, muwataje watoto mmoja mmoja kwa jina, asiachwe hata mmoja kwa kudhaniwa kuwa ameandikwa na mwingine.