Mti wa Mizinga Juu ya Tuta

Tuta la kuzuia mto katika bonde la kijiji cha Yakobi lilijengwa enzi za Mjerumani, na kufikia miaka ya hamsini lilikuwa limechoka. Fuko walilitoboa, ng'ombe walilikanyaga, na wanaume waliozoea kulikarabati kila kiangazi wengi walikuwa Tanga wakikata mkonge. Aliyebaki kulihangaikia ni Esteria, mama Yoramu, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, ambaye kinyungu chake, bustani yake ya bondeni, kilikuwa chini ya tuta lenyewe. Hakuna aliyemteua. Alianza peke yake kuziba mashimo ya fuko, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kuamsha bonde zima, mpaka wenzake wakaona haya wakaja na majembe.

Kilichomshinda ni mti mmoja uliojiotea juu ya tuta. Romanus, baba Tereza, jirani Mkatoliki wa ng'ambo ya mto, alikuwa ametundika mizinga yake ya nyuki humo.

"Baba Tereza, upepo ukivuma mti huu unatikisa tuta zima. Utatuzamisha!"

"Mama Yoramu, mizizi ndiyo inayolishika. Ni kamba hiyo."

"Kamba gani inayocheza ngoma?"

"Wewe imba, mimi nifuge nyuki."

Walicheka, wakaachana, kila mtu na lake.

Mwaka ule mvua za Januari hazikupumzika. Asubuhi moja Esteria aliona maji yakichuruzika chini ya ule mti. Akayakinga kiganjani. Yangekuwa meupe asingejali, tuta kongwe halikosi kutoa jasho. Lakini yalikuwa tope tupu: tuta lilikuwa likiliwa kwa ndani. Siku hiyo hakuimba. Alivuka daraja la magogo mbio, akapiga hodi kwa Romanus.

Romanus alikuja, akainama, akaingiza mkono penye ufa kando ya mzizi. Ukazama hadi kwenye kiwiko. Akautoa, akautazama mti wake.

"Leteni mashoka," akawaambia watu waliokuwa wamekusanyika.

Nyuki hawapendi kuhamishwa mvuani, na moshi nao ulikataa kupanda. Walimshukia Romanus kwanza, kisha kila aliyekuwa karibu. Kristina, mke wa mwinjilisti, alijitupa mferejini na kanga yake, akabakiza pua tu juu ya maji. Hata hivyo hakuna aliyekwenda nyumbani. Mizinga ikashuka, mti ukaangushwa, na upande wa mtoni wakashindilia udongo wa mfinyanzi, mawe na fito za mianzi. Jioni maji yaliyokuwa yakichuruzika yalikuwa haba, tena meupe.

Romanus alikuwa amevimba, jicho moja limefumba kabisa.

"Mama Yoramu, leo mashavu yetu yamelingana."

Esteria alicheka mpaka akakaa chini matopeni.

Kiangazi waling'oa kisiki, wakajaza udongo, wakapanda majani. Njegere za bonde lile zilipanda lori hadi Makambako, na habari za tuta zikasafiri nazo. Haukupita muda, watu wa kijiji cha Ramadhani wakaja kuomba wawili hao wakalitazame tuta lao, nalo la zamani.

Wakaenda. Njia nzima Romanus alisifu mawe, Esteria akasifu mianzi, na walipofika wenyeji waliwasikia kabla ya kuwaona.