Siku za Kupumzisha Bega

Miaka ya sabini nilifundisha michezo katika sekondari ya bweni nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na nilikuwa na msichana wa kidato cha nne aliyewashinda hata wavulana kwa kurusha mkuki. Chuo cha ualimu kilikuwa kinatafuta wasichana wa kusomea michezo, na mtu wao angekuja kuwaangalia kwenye mashindano ya mkoa. Akiikosa nafasi hiyo, angerudi kwao kulima pamba na kungoja mchumba. Alijua yeye, nilijua mimi, na bega lake la kulia lilikuwa limeanza kuuma.

Nikafungua daftari. Mirusho thelathini Jumatatu, ishirini Jumatano, kumi Ijumaa, basi. Jumamosi na Jumapili nilimpa ruhusa aende kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu, bega lipumzike. Kila Jumatatu alirudi na bega bovu zaidi. Nikapunguza mirusho, nikamwongezea na Ijumaa ya kupumzika. Likazidi! Mimi ni mtu wa hasira za karibu; nikaamini ananizunguka, anarusha mkuki kwa siri.

Jumapili moja nikapanda baiskeli kwenda kumfumania. Nilimkuta katikati ya shamba la mtama, juu ya dungu, kombeo mkononi, akiwavurumishia kwelea-kwelea mabonge ya udongo. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Nilimuuliza amerusha mara ngapi, akacheka.

"Kwani mwalimu, na za ndege zinahesabiwa?"

Niliona aibu ya kutamani ardhi inimeze. Wiki sita nzima nilikuwa nampeleka mwenyewe kwenye kazi iliyomuumiza, huku nikiandika daftarini kwa mwandiko mzuri kwamba anapumzika.

Baba yake alikuwa upande wa pili wa shamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza habari za bega na za chuo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mayu," akasema, yaani mama, kwa heshima kabisa, "mtama ukiisha, tutakula mkuki?"

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaropoka, "Ndege wako nitawafukuza mimi!"

Ikabidi nifanye kweli. Zilikuwa siku za elimu ya kujitegemea, kila shule na majembe yake. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba darasa langu limepata kazi ya shamba. Siku za masomo mama yake alilinda. Jumamosi na Jumapili tulipokezana sisi, tukitikisa makopo yenye kokoto na kupiga kelele mpaka sauti zikatukauka. Binti alibaki bweni, amekatazwa hata kuchota maji.

Siku ya mashindano mrusho wake wa kwanza uliwapita wenzake wote. Wa pili ulikwenda mbali mpaka mshika kibendera akaruka pembeni. Wa tatu aliukataa, akavaa sweta lake akakaa chini. Nilipiga vigelegele bila haya, mwalimu mzima, mpaka kilemba kikanidondoka. Yule mtu wa chuo akaandika jina lake, akaja kumpa mkono.

Baba yake alikuwa amekuja kwa baiskeli, akasimama nyuma ya watu. Binti alipoinama kuokota mfuko wa nguo zake, mzee akamwahi, akautwaa na kuufunga kwenye keria.

"Usibebe kitu," alimwambia. "Chuoni wanakungoja."