Kasha la Samaki la Manoy Urbano

Manoy Urbano Llaneta alifukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na anayekuambia alifukuzwa kwa uzembe, mwambie mimi, Sion, nimemwita mwongo. Manoy kwetu ni kaka, na kaka huyu nilikaa naye miaka kumi na tisa katika ofisi ya mifugo ya San Rufino, chumba kimoja nyuma ya soko. Mimi karani, yeye mfungashaji, na juu yetu Daktari Olaguer, ambaye mikono yake haijawahi kunuka kitu zaidi ya manukato.

Kazi ya Manoy ilikuwa vichwa vya mbwa. Mbwa akimng'ata mtu na akashukiwa kuwa na kichaa, kichwa chake hupelekwa maabara ya mkoa, mwendo wa saa tano kwa basi, maana ugonjwa wenyewe huonekana kwenye ubongo. Kanuni zilitundikwa ukutani kwenye fremu. Glavu. Mfuko ndani ya mfuko, na matambara ya kunyonya majimaji katikati. Chombo kigumu kisichovuja, barafu ya kutosha, na nje lebo kubwa inayosema kilichomo ni hatari. Manoy alizishika kama sala. Nimemwona akifumua mzigo mzima na kuanza upya kwa sababu ya tone moja la maji. Alisema atakayefungua kule naye ana wanawe. Daktari akawa anamwita Mkunga, kwa jinsi alivyovifunika vile vichwa taratibu, na mimi nikicheka na wengine.

Kanuni moja tu ndiyo haikushikika. Basi halibebi kasha lenye lebo ile. Gari la ofisi lilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kumpeleka mke wa Daktari kwa msusi. Mara ya kwanza kondakta alipoisoma lebo, alilishusha kasha kando ya barabara, juani, kichwa kikaoza, na majibu hayakupatikana kamwe. Baada ya hapo Daktari akanitupia kikaratasi mezani, mwandiko wake mwenyewe: *Andikeni SAMAKI. Kifike tu.* Mwenye mwandiko mzuri pale ofisini nilikuwa mimi. Nikaandika SAMAKI kwa kalamu nene, miaka kumi na moja.

Kwetu kila mtu hutuma samaki kwa basi kwa ndugu zake wa mjini, kwenye kasha jeupe la povu gumu linalotunza baridi, na kondakta ana haki yake, mmoja wa mboga. Si rushwa, ni adabu. Usipompa mkononi, atafungua mwenyewe njiani na hakuna atakayemuuliza. Hilo Manoy alilijua vizuri sana. Kila safari alinunua nguru kwa fedha yake, akamfunga kwenye gazeti, akamkabidhi Pilo Barcelon, kondakta wa basi la asubuhi. Alimwambia huyu wako, hilo kasha usiliguse, ni la mama mkwe. Naye Pilo, mtu wa mizaha, aliuliza kila mara ni mama mkwe gani huyo, anakula miaka yote hashibi.

Sasa, Jumatano ya Wiki Takatifu, mwaka juzi. Mbwa alikuwa amemng'ata mshonaji mmoja, na maabara ingefungwa mpaka Jumatatu. Kichwa kilikuwa lazima kiondoke asubuhi ile. Lakini wiki ile hakuna anayegusa nyama, na samaki wote walikuwa wameshanunuliwa alfajiri. Nilimwona Manoy akizunguka meza kwa meza, mpaka akarudi mikono mitupu. Akamwambia Pilo amsamehe, leo hana, Pasaka atamletea wawili. Pilo akasema haya, Manoy.

Ole wetu. Mtu mwenye kasha zima la samaki akikuambia hana samaki, kwetu maana yake ni kwamba anaona haya kufungua, chukua mwenyewe.

Jioni maabara walipiga simu. Kichwa kinafaa kupimwa, lakini utepe umekatwa, mifuko imechanika, kasha limejaa maji mekundu. Manoy hakuuliza nani kafanya. Alikaa chini akasema Pilo ana kidonda kidoleni, alimwona asubuhi amekifunga kitambaa.

Daktari alisema tungoje majibu Jumatatu, na hadi hapo asifungue mtu mdomo.

"Sindano ya kichaa haingoji majibu, Daktari," Manoy akasema. "Imeandikwa pale ukutani."

"Pale pameandikwa na lebo pia. Unadhani atakayesomewa mashtaka ni nani?"

Alhamisi Manoy alitii. Siku hiyo moja hajajisamehe mpaka leo. Ijumaa Kuu alikuja mlangoni kwangu akasema anakwenda kwa Pilo, kule mlimani. Siku ile mabasi hayatembei, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, tukipishana na watu wa maandamano ya toba, migongo wazi, jua linachoma. Nasema tulikwenda. Msinisifu. Nilimfuata kwa kuogopa atasema nini, na kama atanitaja.

Pilo alikuwa amekaa nje ya nyumba yake anachambua majani ya magimbi. Manoy alivua kofia.

"Pilo, kasha la Jumatano ulilifungua?"

Pilo akatazama chini, akatabasamu kwa haya. "Nilitia mkono tu, Manoy. Nikapapasa manyoya, nikafunga. Nikajua ni kichwa cha mbuzi. Wala sikumwambia mtu kwamba unakula nyama Wiki Takatifu."

Alikuwa amemtunzia siri, jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Si mbuzi," Manoy akasema. "Ni mbwa, na huenda ana kichaa. Na yale makasha mengine yote, miaka yote, yalikuwa hivyohivyo."

Pilo alikitazama kidole chake.

"Nilikuwa nayaweka chini ya viti," akasema. "Watu wanapandisha miguu juu yake. Na wale samaki, Manoy, nilikuwa nawapa wanangu. Kumbe ulikuwa unanilipa nisiangalie."

"Ndiyo."

Hakumtaja Daktari. Hakuutaja mwandiko wangu, na mwenye mwandiko nimesimama pale kama gogo. Alisema tu, "Twende hospitali, mdogo wangu. Utanitukana njiani." Jirani akatupeleka kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu, na njia nzima Pilo hakumtukana. Alikaa amempa mgongo.

Jumatatu majibu yalikuja: kichaa. Pilo alichomwa sindano zote, yuko hai, bado anakata tiketi. Aliwaeleza wenye mabasi kila kitu, na mimi simlaumu hata kidogo. Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Walipomuuliza Manoy ni nani aliyemwagiza kuficha lebo, alisema ni Daktari. Daktari akasema hajawahi, akawaonyesha ile fremu ukutani, kioo chake kimefutwa kinang'aa. Hapo mwenyekiti akanigeukia mimi. Je, kulikuwa na agizo lolote la maandishi?

Kikaratasi kilikuwa kwenye droo yangu, chini ya kopo la pini, hatua tatu kutoka nilipokaa. Binti yangu alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na anayesaini mkataba wangu kila Juni ni Daktari.

Nikasema sikumbuki.

Siku hizi hakuna basi linalochukua kasha letu, na hata samaki wa kweli hufunguliwa kwanza stendi. Vichwa tunavizika nyuma ya ofisi. Aliyeng'atwa tunamwambia aende hospitali. Mwenye uwezo huenda, na asiye na nauli husema mbwa yule alionekana mzima, nani ampinge wakati hakuna majibu? Agosti iliyopita mchoma mkaa mmoja alisema hivyohivyo. Septemba tulimzika. Na katika ripoti ya mwaka niliandika, kwa mwandiko wangu uleule mzuri, kwamba hakuna kanuni ya usafirishaji iliyovunjwa. Daktari akapewa cheti kwa hilo, akakitundika kando ya fremu.

Manoy sasa anauza barafu stendi, kwa wenye makasha ya samaki. Nilikwepa kupita pale karibu mwaka mzima. Siku nilipopita aliniita kama zamani, akaniuliza habari za binti. Kisha akainama karibu.

"Sion, kile kikaratasi bado unacho?"

Kipo. Nimekitazama hata leo asubuhi. Lakini nilimwambia nilishakitupa.

"Vizuri," akasema. "Nilitaka nikuambie ukichome, usije ukapata matatizo kwa ajili yangu."

Akanichagulia bonge gumu la barafu, akalifunga kwenye mfuko, kisha mfuko ule akautia ndani ya mwingine.