Picha ya Kutangulia Jeneza

Mimi mashine zimenichosha, nasema ukweli. Nina steshenari pale Buzuruga, jirani na stendi, na nimebembeleza printa kuliko nilivyombembeleza mke wangu wakati wa uchumba. Mke alikubali mapema.

Zamani kompyuta yangu ilikuwa ya kawaida kama ya kila mtu. Sasa sisi watu wa steshenari tuna mtindo wetu: jirani akikuletea flash, unachomeka. Ukikataa ni kama umekataa ugali wake. Basi flash za stendi nzima zikapita mle, virusi vikajaa kuliko dagaa ziwani. Ukitega sikio unavisikia vinagombania nafasi. Fundi wangu wa Buswelu akafuta kila kitu, akaniwekea Linux, mfumo wa kompyuta usiosumbuliwa sana na virusi, akanipa sharti moja: programu zote nizitoe kwenye ghala la mtandaoni la hiyo hiyo Linux, na neno la siri nisiliandike kwa kitu nisichojua kimetoka wapi.

Siku moja ya sikukuu nilikuwa nimetoka kununua mashine ya mtumba, printa na skana humo humo, hata sijaijaribu. Akaingia mzee, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimefiwa na mke wangu. Nataka picha ya kutangulia jeneza."

"Pole sana, mzee wangu."

Picha yenyewe ndogo kama kiganja cha mtoto, imepigwa lamination, na ndiyo pekee aliyonayo. Wanawe walijaribu kuipiga kwa simu, plastiki ikamulika, uso ukawa taa tupu. Mwili uko mochwari, gari linasubiri nje liupitie, waende kuzika Kisesa.

"Ndugu zake hawajamwona tangu nimuoe," akasema. "Nikifika bila uso wake, wataniuliza tunamzika nani."

Nikachomeka mashine. Printa ikachapa vizuri tu, sikuiomba hata. Skana kimya. Kompyuta inaniambia hakuna skana, na skana iko mbele yangu, kubwa kama ng'ombe aliyelala.

Siku hiyo tulifungua wawili tu, mimi na mama wa duka la pili, na skana yake mama ilikuwa mbovu. Aliposikia akaja mbio na flash.

"Mwanangu, weka hii. Ina madereva, programu za kuendeshea mashine zote duniani."

"Umeitoa wapi, mama?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na aliyepewa! Unahoji kama mahakama? Mtu ana msiba, wewe unachagua flash!"

Mzee akaniangalia. Hapo nilichoka mpaka kucha. Kumkatalia mama wa watu mbele ya mfiwa, jamani! Nilitamani niichomeke tu yaishe. Lakini ikiniangushia kompyuta, picha itatoka wapi?

"Mama, nisamehe. Hii hapana."

Alisonya sonyo ambalo naamini lilivuka ziwa, likagonga kule ng'ambo, likarudi.

Nikampigia fundi. Yuko juu ya bati la kanisa anafunga spika, upepo unamla maneno.

"Pindua mashine, soma jina mgongoni," akapiga kelele. "Tafuta dereva la jina hilo hilo, ndani ya ghala. La kufanana usichukue!"

Nikapindua, nikasoma, nikatafuta. Lipo. Sasa intaneti ya siku hiyo ilikuwa inatembea kwa magoti. Mzee kwenye benchi, kila honi ikilia anasimama, anachungulia, anakaa. Mimi jasho mpaka kwenye kibodi. Dereva likaingia. Skana? Hola. Nikampigia fundi tena.

"Ah," fundi akasema, "wewe hujawekwa kwenye kundi la wanaoruhusiwa kutumia skana."

"Mimi? Duka langu, kodi nalipa mimi, naombwa kibali na mtumba?"

"Jiweke kundini, halafu toka kwenye akaunti, uingie upya. Usibishane nayo."

Akanitajia amri herufi kwa herufi, nikaandika kama ninayechimba kisima kwa kijiko. Nikatoka, nikaingia. Ule mwanga wa skana ukaanza kutembea chini ya kifuniko, taratibu, na uso wa marehemu ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa, anacheka.

"Mzuri huyu," jirani akasema, hasira imeshuka nusu.

"Alijijua," mzee akajibu.

Nikavuta picha karibu. Shavuni kuna doa refu.

"Mzee, hili nilifute?"

"Usiguse! Aliungua mafuta akiwa msichana. Ukilifuta, kwao hawatamjua."

Sikuligusa. Nikachapa, ikatoka na doa lake. Wino ulikuwa bado mbichi, nikamwomba asubiri kidogo, honi ikalia tena, akakataa. Akaipokea kwa viganja viwili kama anayepokea sinia. Jirani akamtangulia barabarani, anafokea bodaboda wampishe. Ndani ya gari kijana wake alitaka kuifunika na kanga, vumbi lisiingie.

"Itafutika!" mzee akamkemea. "Fungeni vioo."

Wakafunga vioo vyote, na jua lile la mchana. Gari likaondoka kuelekea mochwari, kisha Kisesa, mzee ameketi mbele wima kama msumari, picha imelala mikononi, anaipuliza.