Mbuta Hakaushwi Juani

Niliondoka Kaloleni, mtaa wetu wa Kisumu, asubuhi moja bila kuaga na bila kujua niendako. Nilikuwa na shati moja la akiba na hasira. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu aliyenipa mahali pa kulala tangu nilipoacha shule darasa la sita, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Siku tatu alikuwa hajaenda sokoni. Bwana afya alikuwa amemfungia meza yake ya samaki, na aliyemponza ni mimi.

Miaka hiyo ya sabini mbuta alikuwa bado mgeni upande wetu wa ziwa. Wavuvi walimtoa majini mkubwa kama mbuzi, wasijue wamfanye nini. Wengine walisema anakula maiti. Wanawake walimgusa kwa kidole, halafu wakapangusa kidole. Kisha gazeti likatoa picha ya mtaalamu na mheshimiwa mmoja wamemwinua huyo samaki, wanacheka. Chini yake iliandikwa kwamba mbuta ni zawadi ya sayansi kwa watu wa ziwa, na kwamba akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani kama ngege, samaki wetu wa siku zote, atakaa miezi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea majirani magazeti. Hata vipande vilivyofungia sukari nilivisoma. Hilo nalo nilimsomea mama mdogo kwa sauti ya katekista, naye akanisikiliza kisu kikiwa mkononi.

“Wamesema kama ngege?” akauliza.

“Kama ngege.”

“Na mafuta yake yote yale?”

“Mama, huyu ni mtaalamu. Amesomea samaki.”

Yeye alikuwa akianika ngege kabla sijazaliwa. Nikamshinda kwa karatasi. Alinunua mbuta mmoja, akampasua, akamtia chumvi, akamwanika juu ya mabati. Siku ya pili mafuta yalikuwa yanachuruzika. Siku ya nne nyama ilikuwa na rangi ya kutu, na harufu yake ilinikaa kooni. Nikamwambia labda ndivyo alivyo, si ni mgeni? Akauza. Fundi cherehani wa mtaa wetu alikula, akatapika hadi akashindwa kusimama.

Bwana afya alikuja na soksi zake ndefu na daftari, akauliza mbele ya soko zima:

“Mama, mikono unanawa?”

“Nanawa, bwana. Miaka yote nanawa.”

“Sasa watu wanatapika kwa nini?”

Hakungoja jibu. Kibali cha mama mdogo kilienda mfukoni mwake. Baada ya hapo gazeti lile lile likaandika kwamba wachuuzi wa samaki wanahitaji kufundishwa usafi. Kuhusu jua na mafuta, hakuna hata mstari. Mtaalamu ndiye aliyekosea, akanyang'anywa riziki yule aliyemwamini.

Na ndivyo ilivyokuwa kila mara. Redio ilituambia uji wa wimbi ni ushamba, mtoto mwerevu hunywa maziwa ya kopo. Hatujakaa sana, nesi anawagombeza akina mama kliniki kwa sababu ya hilo hilo kopo. Mheshimiwa anahutubia uwanjani juu ya lishe bora, halafu anapanda gari kwenda kula mahali sisi hatuingii. Sikuwa na ugomvi na sayansi. Niliipenda kuliko waliosoma kunishinda. Nilitaka tu kujua, kabla ya kutuambia, ni nani kati yao aliyewahi kuanika mbuta hata mmoja?

Nilitembea mpaka Kisian. Hapo nikasimamisha lori la sukari ya Muhoroni lililokuwa likienda Bondo, nikapanda.

“Unaenda wapi, kijana?” dereva akauliza.

“Sijui.”

“Basi umefika. Shuka.”

Akacheka mwenyewe, akatia gia. “Umegombana na bibi?”

“Na gazeti.”

Nikamweleza. Alisikiliza kwa makini, maana habari ya tumbo humgusa kila mtu wa safari. “Kule Asembo Bay kuna mama anapika huyo samaki,” akasema. “Nimekula. Na tumbo langu mimi si la kuchezea.”

Akanishusha njia panda, nikamalizia kwa miguu. Nilifika ufuoni jua likiwa limeanza kupoa. Mama huyo, mjane mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, alikuwa mbele ya karai kubwa juu ya mafiga. Aliyeyusha kwanza mafuta ya tumbo la mbuta, kisha akakaanga vipande vya nyama ndani ya mafuta hayo hayo. Nikamsalimu, nikamwambia kilichotupata.

“Juani?” akasema. “Mama yako alimwanika juani?”

“Gazeti lilisema.”

“Hilo gazeti lina pua?”

Akanionyesha kwa kijiko. Mafuta ya samaki huyu, akaeleza, hutoka kwa moto, kwa kukaangwa au kwa moshi mkali. Juani yanaoza ndani ya nyama. “Watu wa ofisi ya samaki walikuja hapa,” akasema. “Wakaniuliza maji nachota wapi. Wakauliza mzee wangu alikufa lini. Vile napika, hawakuuliza. Wakala, wakashukuru, wakaenda.”

Hasira ilinipanda upya. Walikula na hawakuuliza.

“Nifundishe, mama, nimpelekee mama mdogo.”

“Wewe? Ulimsomea akapoteza soko. Sasa unataka kumsomea tena?” Akageuza kipande. “Aje mwenyewe ashike kijiko. Akijua, atampikia huyo bwana afya mbele ya watu. Aone kama atatapika.”

Mchuuzi mmoja wa soko letu alikuwa anafunga mizigo yake arudi Kisumu alfajiri. Nikamwomba amwambie mama mdogo kwa mdomo: aje Asembo, alete karai na nguo za siku nne.

“Atakubali kuja?” mjane akaniuliza.

“Sijui. Ameacha kuongea na mimi.”

“Basi utangoja hapa.” Akanielekeza kibanda cha kuwekea nyavu, akanipa mkeka. “Lala huko. Kuni zikatwe mapema, na nyavu za watu usizilalie.”