Maji ya Siku Tatu Juu ya Paa la Chang'ombe

Nakumbuka mchana mmoja wa Alhamisi, nimesimama juu ya ghorofa pale Chang'ombe, mikono kiunoni, natazama nyasi nilizozipanda juu ya paa kama vile mimi ndiye niliyeziumba. Huko chini malori ya viwandani yalikuwa yakipita, na kila dereva aliyeinua macho nilidhani ananitazama mimi. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuwa na mtu wa kuniambia nishuke chini.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulipita nyumbani ukaniambia, kwa furaha tele, kuwa paa lako la Mbagala limeshabandikwa utando wa kuzuia maji na keshokutwa mnapandisha udongo. Nikakuuliza maji yamekaa juu yake siku ngapi. Ukanijibu, "Baba, hayo mambo ya zamani." Usidhani nilikubali, nilikuwa nahesabu moja hadi kumi ili nisikuvunjie heshima mbele ya mkeo.

Basi sikiliza ya hiyo zamani. Mimi nilikuwa fundi bati wa Keko. Nilianza kwa kuezeka mabanda ya maseremala wa kando ya barabara, nikaingia kwenye nyumba za watu, sifa zikafika hadi Gongo la Mboto. Na sisi mafundi bati tulikuwa na kipimo chetu. Ukimaliza kuezeka, unaingia ndani saa sita mchana, unafunga milango na madirisha, unatazama juu. Palipo na tundu la msumari patang'aa. Unapanda, unaziba, unarudi kutazama tena. Ukiona giza tupu, umemaliza, unamwita mwenye nyumba. Kipimo hicho hakikuwahi kuniangusha, na ndicho kilichokuja kuniponza.

Miaka ile milango ya biashara ilifunguliwa, na bandarini vikaanza kushuka vitu ambavyo hatujawahi kuviona. Wenye uwezo wakaanza kujenga maghorofa yenye mapaa bapa ya zege. Kulikuwa na injinia mmoja kijana, dada kutoka Mbeya, jina lake Tumaini, aliyerudi masomoni na mawazo ambayo watu waliyacheka waziwazi. Alichora jengo la ofisi lenye bustani juu ya paa. Juu ya zege unabandika utando mweusi wa lami, unaokuja umeviringishwa kama mkeka, unauyeyusha kwa moto wa gesi mpaka ushike. Juu yake unaweka kokoto za kupitishia maji, halafu udongo, halafu nyasi. Mwenye jengo aliipenda michoro, ila kazi yenyewe alitaka kuwapa mafundi wa kutoka nje.

Injinia Tumaini akamwomba mbele yetu. "Nipe hawa wa Keko. Likivuja tone moja, lete hao wa nje, mimi sitakuomba tena."

Tulikuwa mafundi sita. Mapaa ya namna ile yalikuwa yanakuja mengi, na paa lile moja ndilo lingeamua kama yatakuwa yetu au ya wageni. Hilo sote tulilijua, mimi nikiwemo.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Athumani, mzaliwa wa Temeke, aliyetumia ujana wake kuziba matangi ya maji. Alikuwa mkimya, mwenye kofia nyeupe ambayo sijui aliikingaje na lami. Kila asubuhi, jua halijawa kali, alivua kandambili akatembea peku juu ya utando, hatua fupi fupi. Nyayo zake zikikuta lengelenge la hewa alisimama, akachora duara kwa chaki. Sisi tulifinyana tukicheka. Tukipasua pale alipochora, hewa ilikuwemo, kila mara.

Utando ulipokwisha kubandikwa, Mzee akapata habari ya msiba Bagamoyo. Ilikuwa Ijumaa. Akaniita pembeni.

"Mie naondoka. Ziba matundu ya kutolea maji, ujaze paa zima maji yafike kwenye kifundo cha mguu. Yakae siku tatu. Huko chini kukibaki kukavu, ndipo mpandishe udongo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

Nilimsikia kweli, wala sikuwa kiziwi. Lakini Jumamosi ya wiki iliyofuata mwenye jengo alikuwa anakuja kukagua, na mimi nilitaka akute kijani. Nikajaza maji Ijumaa ileile. Jumamosi mchana nikashuka ghorofa ya juu, nikafunga madirisha, nikatazama dari kama nilivyozoea. Giza tupu! Nikajiambia paa limepita. Sasa niambie, mwanangu, mwanga utapenyaje kwenye zege? Hata leo nikikumbuka najicheka. Nikazibua matundu, maji yakashuka, nikawaambia wenzangu kwamba Mzee kaniachia ruhusa. Tukavuta udongo kwa kamba na ndoo siku nne, tukapandikiza nyasi zilizokwisha kuota, na tukaanza na upande wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani. Hilo nalo lilikuwa wazo langu.

Ndiyo ile Alhamisi niliyoanza nayo. Mzee Athumani akatokea kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Akazitazama nyasi, hakusifu. "Maji yalikaa siku ngapi?"

"Tatu."

Alikwenda upande ambao ulikuwa bado haujapandwa, akachuchumaa penye ukuta wa ukingoni, akapitisha kidole juu ya utando mweusi. "Maji yakilala siku tatu na jua hili, yanapungua kila siku, na kila siku yanaacha mstari wa vumbi hapa. Mie nauona mmoja."

Yeye hakupandisha sauti hata kidogo, na afadhali angenipiga kofi.

"Mie nishazeeka, paa hili si langu. Ni lenu nyie. Na yule binti kaliweka jina lake juu yenu. Uliyemdanganya ni yeye." Akavaa kandambili zake. "Mie sitamwambia mtu. Mdomo unao mwenyewe."

Akashuka. Nikabaki na bustani yangu, na kwa mara ya kwanza nikatamani pasipite dereva yeyote. Niliona aibu, mwanangu. Ningeweza kunyamaza. Nyasi zilikuwa zimesimama kijani, Jumamosi ingepita kwa makofi, na mvua ilikuwa bado mbali. Nilizunguka paa lile mara mbili, kisha nikashuka kumtafuta Injinia Tumaini.

Nilimkuta ameinamia michoro yake. Nikamweleza yote, pamoja na ile habari ya kutazama giza. Akaweka kalamu chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee Athumani."

"Nenda kawaambie na wenzako. Halafu mtoe udongo wote."

Wenzangu walinitukana matusi ya Keko, ambayo siwezi kuyarudia, kisha wakachukua makoleo. Ijumaa jioni paa lilikuwa jeusi tena, matundu yamezibwa, maji kwenye kifundo cha mguu.

Jumamosi asubuhi mwenye jengo akafika na viatu vyake vinavyong'aa, akapanda kutazama bustani, akakuta bwawa. Kabla hajauliza, mwenzetu mmoja akaita kutoka chini. Tukashuka sote. Kwenye dari, pembe ya mbele, palikuwa na unyevu wa ukubwa wa kiganja, na katikati yake tone lilikuwa linajikusanya. Likadondoka mbele ya macho ya kila mtu. Pembe ile nilikuwa nimeibandika mimi.

"Injinia," mwenye jengo akasema, "si tulikubaliana?"

Injinia Tumaini alifungua mdomo, lakini mimi nikamtangulia. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Bosi, kosa ni langu, wala si la utando, wala si la injinia. Nilipitisha paa bila kulipima. Leo tumelipima, na limetuonyesha lenyewe, kabla hujaweka hata meza moja humu ndani. Tupe siku nne."

Akaitazama ile pembe tena. "Nne. Nikiona tone, nyie wote mnashuka."

Tukamwaga maji, tukakausha, tukafungua ile pembe. Kando ya bomba la kutolea maji utando ulikuwa umejikunja kidogo, na mkunjo haukupata moto wa kutosha. Mzee Athumani akanikabidhi bomba la gesi. "Choma mwenyewe." Nikachoma taratibu, sikuinua macho kutazama barabara. Alipomaliza kupitisha nyayo zake pale, hakuchora chaki. Jumapili tukajaza maji.

Siku tatu zile tulikuwa kama watu wanaouguza mgonjwa. Kila saa mmoja wetu alishuka, akapanda juu ya meza yetu ya kazi, akagusa dari kwa mgongo wa kiganja. Kukavu. Jumatatu kukavu. Jumanne kukavu. Jumatano mwenye jengo akaja, akapanda meza mwenyewe na suti yake, akapapasa pembe yote. Akakitazama kiganja chake, akakipangusa kwenye suruali, ingawa hakikuwa na kitu.

"Hili la kwanza limekwisha," akasema. "Nina jingine Temeke. Mnaanza lini?"

Mwanangu, tulipiga kelele hadi wafanyakazi wa kiwanda cha jirani wakatoka nje. Injinia Tumaini alinipiga ngumi ya bega huku machozi yanamtoka, akasema, "Jamani, nyie watu mtaniua!" Na masika yalipokuja, yale ya kumwagika wiki nzima, tulikwenda wote sita kusimama ndani ya jengo lile, tukaisikiliza mvua ikipiga juu yetu. Halikudondoka tone. Kulipokucha tulipanda tukamkuta Mzee Athumani ametutangulia, amesimama peku juu ya nyasi zilizolowa, anatabasamu peke yake. Tangu pale mapaa yale yakawa yetu, na ndiyo yaliyokusomesha wewe.

Sasa wosia wangu ni huu. Usipime kitu kipya kwa kipimo cha kazi uliyoizoea, hata kama kipimo hicho kimekupa jina. Mwenye nyumba akikuharakisha, mwambie siku tatu, na akinuna mwache anune. Ukikosea, liseme wewe kabla dari haijakusemea. Na yule aliyekuamini mbele za watu, usimfunike udongo na nyasi.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyotafuta wa kukusifu. Akujalie uzeeke ukisikiliza mvua kitandani kwako, bila hofu ya nyumba yoyote uliyoiezeka. Kesho asubuhi, kabla hamjapandisha udongo, nitakuja Mbagala. Nitavua viatu, nitapanda, nitachuchumaa penye ukuta wako wa ukingoni. Nisipoikuta mistari ya vumbi, teremsha ndoo za udongo, mwanangu, tujaze maji pamoja.