Mama yangu alizikwa Kiriba, kwenye mji wa watu wasio wa ukoo wetu

Wakuu, habari za humu. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, na sina sababu ya kuongeza chumvi. Baadhi ya walioshuhudia bado wapo hai.

Baba alifia ziwani nikiwa bado shule ya msingi. Ukoo wake ukataka mama arithiwe na shemeji yake. Mama alikuwa ameokoka, akakataa katakata. Basi tukatolewa kwenye mji wao, yaani boma la ukoo, tukapewa kachumba jirani na kanisa, hapo hapo Kiriba.

Ilikuwa ile miaka ya hali ngumu. Sabuni hakuna, nguo hakuna, na unga wenyewe ni ule wa njano wa foleni. Vijana mkisikia mnadhani tunatunga.

Mama akaugua, akafa.

Kwa wasioujua mkoa wetu, kijijini mtu anazikwa nyumbani kwake. Mama hakuwa na kwake. Ukoo wa baba ulituma neno fupi tu, kwamba aliyekataa mji wao asitafute kaburi kwao. Kwao Bunda kulikuwa mbali na mafuta ya gari hayapatikani.

Niliogopa jamani. Nilikaa pembeni ya mwili wake nikiwaza kwamba mama yangu anakwenda kuzikwa porini.

Ndipo akaja Mzee Magesa, mzee wa kanisa letu, akasema kaburi linachimbwa kwake. Tena ndani ya mji, karibu na wazazi wake.

Ndugu zake wakamjia juu. "Unamzika hapa kama nani yako? Hapa tunazikaga watu wetu tu!"

Mzee hakupandisha sauti. "Ni dada yangu. Kanisani nilikuwa namwitaga dada kila Jumapili, na Meza ya Bwana tulikuwa tunakulaga pamoja. Mlidhani natania?"

Shuka la kumzikia halikupatikana. Wamama wawili wa kwaya wakafumua majoho yao wakashona sanda. Waliendelea kuimba na nguo zao za kawaida, na hakuna aliyewauliza.

Mzee akanilea mpaka nikaolewa Mwisenge.

Miaka ikaenda, biashara zikafunguliwa, sangara wakawa mali. Mzee alikuwa ameshafariki. Mwanaye Masatu, ambaye alizaliwa baada ya mama kufa, akapata hela ya samaki. Siku moja nikasikia anajenga nyumba ya tofali, na msingi unaelekea upande wa makaburi.

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Nilifunga genge langu nikaenda Kiriba na nguo za kazini. Njia nzima napanga maneno ya kumwambia. Nimeona watu wakipata hela wanavyobadilika.

Nikamkuta fundi amenuna.

"Bosi huyu ananipindisha ukuta bure," akaniambia. "Nimemwambia kaburi lile silo la ukoo wao, lihamishwe tu, amekataa."

Masatu akatokea nyuma ya rundo la tofali. "Dada, karibu. Huyu fundi ananisumbua tangu asubuhi. Sasa shangazi nimhamishie wapi? Hapa ndiyo kwao."

Shangazi! Mtu ambaye hakuwahi hata kumwona.

 Nikakaa kwenye mchanga wa ujenzi, nikalia mbele ya mafundi bila aibu.

Wakuu, "sisi ni familia moja katika Kristo" nilikuwa nimeisikia mpaka nimeizoea. Inasemwa kwenye matangazo, watu wanaitikia amina, kisha kila mtu kwao. Kumbe kuna waliokuwa wanamaanisha. Mtu akikuita dada kwa imani, ipo siku atatakiwa akupe mahali pa kulala.

Ile nyumba ipo mpaka leo. Chumba kimoja kimekatwa kona, kitanda hakikai sawa. Nikienda Kiriba nalala humo, kichwa upande wa mama.

Sasa niambieni, hao mnaowaita ndugu kanisani kwenu, nani kati yao mngempa kaburi nyumbani? Mwenye jibu la kweli aliweke hapa, hata kama ni "hakuna". Nasoma yote.